Mzinga Mdogo, Historia Mbili

Katika somo hili tunataka kuzungumza juu ya kazi ya mikono: kuchonga kwa mti mfano mdogo wa kitu cha zamani, kisha kuuza. Someni pamoja mkutanoni. Mmoja asome kwa sauti, halafu mjadili maswali yaliyo mwishoni.

KWA NINI MTU ANUNUE MFANO?

Watu wa baharini wana minara ya taa. Mnara wa taa ni jengo refu lenye taa kubwa juu, inayowaka usiku ili manahodha wajue miamba iko wapi. Mmoja uko katika kisiwa cha Chumbe, Zanzibar. Ulijengwa mwaka 1904 na bado umesimama. Katika nchi nyingi zenye bahari, mafundi huchonga minara kama hiyo kwa mti, midogo ya kuweka mezani.

Je, mnunuzi ana meli? Hana. Anachonunua ni habari: mnara ulijengwa lini, nani alikuwa akiwasha taa, na kwa nini taa ilihitajika pale. Bila habari hiyo, ni kipande cha mti tu.

Sasa sisi wa Meru na Embu hatuna bahari. Lakini tuna mzinga.

HISTORIA YA KWANZA: YA KITU CHENYEWE

Kule Mbeere na Tharaka mzinga wa gogo bado unaning'inia juu ya miti. Gogo hutobolewa ndani, huzibwa pande mbili, na nyuki huachiwa tundu dogo la kuingilia. Watoto wengi wa mjini hawajawahi kuuona.

Katika desturi ya Wameru, asali ni moja ya vitu vinavyopelekwa kwa wazazi wa msichana wakati wa posa, pamoja na ng'ombe na kondoo. Basi mzinga haukuwa chombo cha chakula tu. Ulikuwa njia ya kijana kupata mke.

Tena tazameni alama iliyochongwa juu ya mzinga. Hiyo si pambo. Ilionyesha mwenye mali ni nani, au ukoo wake, ili mwingine asije akachukua asali ya watu. Kwa hiyo msinakili alama ya ukoo kabla ya kuwauliza wazee wake. Mkikatazwa, acheni. Na mkikubaliwa, andikeni maneno ya wazee papo hapo, maana wanaojua wanapungua kila mwaka.

HISTORIA YA PILI: YA MTI

Hapa tujifunze kwa jirani zetu Wakamba. Zamani walichonga vigoda, vijiko na fimbo za kutumia nyumbani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza (1914-1918), mtu wa Wamunyu aitwaye Mutisya Munge alipelekwa Tanganyika. Huko aliwaona wachongaji wa sanamu. Aliporudi nyumbani akaanza kuchonga sanamu za kuuza, na jamaa na majirani wakajifunza kwake. Kazi ikaenea mpaka Nairobi na Mombasa, na mwaka 1963 wachongaji wa Mombasa wakaunda chama chao cha ushirika. Familia nyingi zilisomesha watoto kwa kazi hiyo.

Lakini yalitokea mambo mawili. La kwanza, twiga yule yule na swara yule yule walichongwa kila mahali wakapangwa kando ya barabara. Mnunuzi hakuwa na la kuuliza isipokuwa bei, na bei ikashuka.

La pili, miti ilipungua. Muhugu na mpingo ni miti mizuri, lakini hukua polepole mno. Anayeukata mmoja leo, hata mjukuu wake huenda asione mwingine wa unene ule. Magogo yakaanza kutafutwa mbali, hata katika msitu wa Arabuko-Sokoke kule pwani. Miaka ya 1990 wahifadhi waliwahimiza wachongaji watumie miti ya kupandwa: mwarobaini, jakaranda, mwembe na grevillea, ambayo huku kwetu tunaiita mukima. Shida yake ni kwamba usipoikausha vizuri, hupasuka.

Si mnaona? Sisi mukima tunao mashambani, hata kwenye mipaka. Tusikimbilie muuru wa Mlima Kenya. Mti huo asili yake ni huku kwetu, na ukiisha hapa tutauomba kwa nani?

KAZI YENYEWE

1. Pimeni mzinga wa kweli. Ukiwa na urefu wa sentimita 100 na unene wa sentimita 30, gawanyeni vyote kwa 5. Mfano utakuwa na urefu wa sentimita 20 na unene wa sentimita 6. Msikisie kwa macho.

2. Kateni mukima wa shamba lenu, na kabla ya kukata ulizeni ofisi ya misitu kama kibali chahitajika. Kwa kila mti mmoja unaokatwa, pandeni miwili.

3. Kateni vipande, pakeni nta au rangi kwenye ncha zote mbili, mviweke kivulini penye upepo. Msianike juani. Mti mbichi utapasuka nyumbani kwa mnunuzi, naye hatarudi tena.

4. Wakati wa kupiga msasa, fungeni kitambaa puani. Vumbi la mukima huwasha watu wengine.

5. Andikeni karatasi ndogo ya kufunga kwenye kila mfano: mzinga ni wa wapi, ulitumika kwa nini, mti umetoka shamba gani, na nani amechonga. Iwe kweli tupu. Msiseme ni wa miaka mia kama mmechonga juzi.

Kama mnaweza, tembeleeni makumbusho ya Meru mjini, yaliyofunguliwa mwaka 1974, mwone jinsi vitu vya kale vinavyoelezwa.

Ndugu, mfano mmoja hautamtajirisha mtu. Lakini kikundi kinachoweza kueleza historia zote mbili, ya kitu na ya mti, kitakuwa na la kumwambia mnunuzi zaidi ya bei, na watoto wao watapata mti wa kuchonga.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni kitu gani cha zamani katika kijiji chetu ambacho watoto hawakijui tena?
2. Ni mzee yupi anayejua habari zake? Nani ataenda kumwuliza wiki hii?
3. Tuna miti mingapi ya mukima katika mashamba ya wanachama, na tutapanda mingapi mvua ikinyesha?