Somo: Kuchagua Hita ya Umeme ya Kupikia Mbege Nyumbani

Katika miteremko ya Kilimanjaro, kuanzia Machame na Kibosho hadi Marangu na Rombo, mbege ni kinywaji cha harusi, cha matanga na cha ndugu wanaorudi nyumbani mwezi Desemba. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa kadhaa, zikapozwa na kuachwa zichachuke, kisha zikachujwa na kuchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Tangu zamani kazi hiyo imefanywa kwa kuni. Leo kuni ni adimu, na Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unatuelekeza kwenye nishati nyingine, umeme ukiwa mojawapo.

Kwa kaya inayotaka kupikia umeme, swali la kwanza ni hita ipi inunuliwe. Jibu letu ni hili: hita bora si ile yenye nguvu kuliko zote, bali ile inayolingana na kinachopikwa, na nyaya za nyumba, na uwezo wa kulipia uniti.

1. Anza na kinachopikwa

Maji huzunguka chunguni na kuchukua joto kutoka kwenye hita. Ndizi zilizopondeka ni nzito, hazizunguki. Hita ikizamishwa ndani yake, ndizi zinazoigusa huungua, pombe hunuka moshi, na hita yenyewe hupata joto kupita kiasi na kukatika. Uji wa ulezi huungua upesi zaidi.

Kwa sababu hiyo tunashauri hita ipashe maji peke yake. Weka maji na hita katika chombo kikubwa cha nje, kisha tumbukiza humo sufuria ya ndizi, ikikaa juu ya kigoda cha chuma ili isiilalie hita. Ndizi zitaiva kwa joto la maji bila kuungua. Chombo cha nje kisifunikwe kwa kubana, maana mvuke lazima upate njia. Ongeza maji mara kwa mara: hita ya wati 1,000 inaweza kukausha karibu lita moja na nusu kwa saa, na hita iliyobaki juu ya maji huungua kwa muda mfupi.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua hita ndefu badala ya fupi yenye wati zilezile. Hita ndefu hutawanya joto kwenye eneo kubwa, hivyo hudumu zaidi. Chuma chake kiwe kile kisichoshika kutu.

2. Soma kibandiko

Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230. Hita iliyoandikwa volti 110 au 120 haifai hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa: ikichomekwa kwenye volti 230 itavuta nguvu zaidi ya mara tatu ya ile iliyokusudiwa, na itaungua au kuwasha moto.

Kinyume chake, umeme ukiwa mdogo, hita hupungua nguvu kuliko watu wengi wanavyodhani. Hita ya wati 2,000 ikipata volti 200 tu hutoa takriban wati 1,500. Kama nyumba yako iko mwisho wa laini na taa hufifia jioni, usikimbilie kununua hita kubwa zaidi, kwani itazidi kuushusha umeme huo. Pika mchana, na utoe taarifa TANESCO.

Hita isiyo na jina la mtengenezaji, volti wala wati isinunuliwe. Kwa bidhaa iliyotengenezwa nchini, tafuta alama ya ubora ya TBS.

3. Pima uwezo wa nyaya

Gawanya wati kwa volti, utapata ampea. Wati 2,000 kwa volti 230 ni karibu ampea 9. Wati 3,000 ni ampea 13, yaani ukomo wenyewe wa plagi ya kawaida ya pini tatu. Kuchemsha mbege si kazi ya dakika tano kama birika la chai. Plagi inayofanya kazi kwenye ukomo wake kwa saa nyingi hupata moto na kuyeyuka. Kwa soketi ya kawaida, tunashauri hita isizidi wati 2,000. Anayehitaji nguvu zaidi awekewe laini yake pekee, yenye waya mnene na swichi yake, na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Usitumie waya wa kuunganishia wa redio au taa, wala kuchomeka hita na pasi kwenye soketi moja.

4. Kokotoa uniti kabla ya kununua

Zidisha lita kwa nyuzi za joto zitakazoongezeka, kisha gawanya kwa 860. Jibu ni uniti.

Mfano: vyombo vyote viwili vina lita 50 za maji na ndizi, kutoka nyuzi 20 hadi 97. Zidisha 50 kwa 77, upate 3,850. Gawanya kwa 860, upate karibu uniti 4.5. Ongeza moja ya tano kwa joto linalopotea, ziwe takriban 5.4. Kutokosa kwa saa nne kwa wati 1,000 ni uniti 4 zaidi. Pishi moja, basi, ni kama uniti 9.4.

Sasa tazama mwezi mzima. Kaya inayotumia uniti 40, ikipika mara nne, itafikia karibu 78. Mteja aliye katika kundi la matumizi madogo ana ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, na uniti inayozidi hapo ina bei ya juu zaidi. Pishi la nne ndilo litakalomvusha. Angalia risiti zako za LUKU za miezi mitatu, kisha uamue. Kifuniko juu ya sufuria ya ndizi na blanketi kavu lililofungwa nje ya chombo, mbali na nyaya, hupunguza gharama kuliko hita yoyote ya bei ghali.

5. Kumbuka mwinuko

Mjini Moshi maji huchemka kwenye takriban nyuzi 97. Vijiji vya juu, kama mita 1,500, ni karibu 95. Ukiweka kidhibiti joto kwenye 100, hakitazima kamwe, kwa kuwa maji hayafiki huko. Kiweke kwenye 90 hadi 92.

6. Usalama

Hita ya kuzamisha iliyopasuka inaweza kuyatia maji yote umeme. Sharti iwe na waya wa ethi, na soketi iwe na ethi inayofanya kazi. Nyumba nyingi za zamani hazina. Mwombe fundi aipime, na akufungie kifaa kinachokata umeme unapovuja. Zima, chomoa, ndipo ushike maji. Usisimame pekupeku kwenye sakafu yenye maji, wala usiwaache watoto karibu na chombo.

Maswali ya dukani

Ni ya volti ngapi na wati ngapi? Ina pini ya ethi? Chuma chake hakishiki kutu? Muda wa dhamana ni upi, na umeandikwa kwenye risiti? Muuzaji akikataa kutoa risiti, ondoka. Bidhaa unayoishuku kuwa bandia iripoti Tume ya Ushindani. Malalamiko ya huduma ya umeme yaanzie TANESCO, na yasiposhughulikiwa yapelekwe EWURA.

Mwongozo huu ni wa mbege ya nyumbani. Kuuza pombe kunahitaji leseni, na kupika gongo ni kosa kisheria.