Linda Kisima: Kuna Sumu Isiyotoka kwa Kuchemsha Maji

Katika Mwabungo, kama kwingineko Pwani ya Kusini, kisima ni tegemeo la nyumba nyingi. Chini ya ardhi kuna jiwe la matumbawe lenye mianya. Mvua inaponyesha, maji hupenya upesi, na kilichomwagwa juu huweza kufika kisimani.

Kemikali sugu ni zipi?

Ni kemikali zisizooza upesi. Hukaa miaka mingi udongoni, kwenye matope ya mito na katika mafuta ya mwili wa samaki na binadamu. Miongoni mwake ni DDT, na dieldrini iliyotumika zamani kuua mchwa. Daioksini nazo hutokea takataka zinapochomwa ovyo, hasa plastiki.

Sumu hizi husafiri mbali. Eneo la Aktiki, karibu na Ncha ya Kaskazini, ni la barafu, lakini DDT imepatikana huko katika miili ya sili na dubu. Ilibebwa na upepo na mikondo ya bahari. Barafu inapoyeyuka, sumu ya miaka ya nyuma huingia tena majini. Mwaka 2001 mataifa yalikubaliana Mkataba wa Stockholm kudhibiti kemikali hizi, na Kenya ikauridhia mwaka 2004.

Kwale pia maji huunganisha bara na bahari. Mto Mkurumudzi huanzia Shimba Hills, hupita mashambani na kumwaga maji Gazi, penye mikoko inayolea samaki wachanga.

Kuchemsha maji huua viini vya kipindupindu, lakini hakuondoi kemikali sugu. Klorini pia haiziondoi. Kinga ni kuzuia zisifike majini.

Wakazi wanashauriwa:

• Usichome plastiki, nyaya wala matairi.
• Nunua dawa za shambani zenye lebo na nambari ya usajili ya PCPB.
• Usichanganye dawa wala kuosha pampu karibu na kisima au mto.
• Suuza chupa tupu ya dawa mara tatu, mimina maji hayo kwenye pampu uyanyunyize shambani, kisha itoboe.
• Usiteke wala kuhifadhi maji ya kunywa kwa mtungi uliokuwa na dawa.
• Ukiwa na dawa kuukuu isiyo na lebo, usiimwage wala kuifukia. Ifungie mbali na watoto, kisha mjulishe afisa wa kilimo au wa afya ya umma aliye karibu.