Umechapia? Kesho Rudi Tena!

Umefaulu darasa la saba, umeingia kidato cha kwanza. Raha tupu! Mara mwalimu wa bayolojia anaingia na kuanza kumwaga ung'eng'e mwanzo hadi mwisho. Miaka 7 umesoma kwa Kiswahili, leo kila kitu ni Kiingereza. Akiuliza kama mmeelewa, darasa zima linaitikia "Yes!" Nawe unaitikia, ingawa hujaambulia kitu.

Ukikaa kimya hivyo muhula mzima, mwisho utajiambia, "Mimi sina kichwa cha lugha." Hapo ndipo wengine huanza kutoroka vipindi, hata kuacha shule.

Ngoja kidogo. Je, ni kweli?

Vijana wengi wa Kibaigwa na vijiji vya jirani walianza na Kigogo au Kikaguru nyumbani. Kama wewe ni mmoja wao, kumbuka ulivyojifunza Kiswahili. Ulitumwa dukani. Ulisikia watu wakipatana bei ya mahindi sokoni. Ulichapia, watoto wenzio wakakucheka, na kesho yake ukarudi kucheza nao. Leo unakiongea bila kufikiri. Basi lugha ya pili unayo tayari! Hukuipata kwa akili za ajabu, uliipata kwa sababu kila siku ulirudi.

Hayati Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alikua akiongea Kizanaki, na shule alianza akiwa na miaka 12 hivi. Hata hivyo alisoma hadi Chuo Kikuu cha Edinburgh, na baadaye akatafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Naye hakuzaliwa na Kiingereza mdomoni.

UFANYE NINI?

1. Chagua maneno 5 tu kila siku kutoka kwenye daftari lako. Yaandike, yasome kwa sauti, kila moja litungie sentensi.

2. Yarudie kesho, halafu baada ya siku 3, halafu baada ya wiki. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha kwamba tunasahau haraka sana mwanzoni, na kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku kadhaa kunasaidia kuliko kukariri kwa mkupuo. Kwa hiyo ukisahau, usijiite mjinga. Ubongo wa kila mtu uko hivyo.

3. Lala vya kutosha. Usingizi huusaidia ubongo kuhifadhi ulichojifunza mchana.

4. Uliza swali moja darasani kila siku. Ukikwama, sema, "Mwalimu, neno hili sijalielewa."

5. Tafuta rafiki wa kufanya naye mazoezi. Wekeni sharti: kusahihishana ruksa, kuchekana marufuku!

TAHADHARI: Maandishi ya Kiingereza kwenye pakiti ya dawa, au kwenye dawa ya kuhifadhia mahindi, usiyabahatishe. Muulize muuza dawa au mhudumu wa afya kwanza. Kuuliza si aibu, na kunaweza kuokoa maisha ya mtu.

ZOEZI: Andika maneno 5 ya leo nyuma ya daftari. Baada ya wiki moja, funika maana zake ujipime. Umepata 2? Safi, jana hukuwa nayo. Hayo 3 yaliyobaki yarudie kesho. Ukichapia tena, cheka kidogo, kisha endelea.