Neno «zawadi» kwenye mawe ya Sanchi: somo la maandishi mafupi

1. Utangulizi

Anayezuru jimbo la Madhya Pradesh, India ya kati, mara nyingi hupita sehemu tatu: Sanchi penye majengo ya kale ya Wabudha, Khajuraho penye mahekalu ya Kihindu na ya Kijaini, na Pachmarhi, mji wa kupumzikia milimani. Vitabu vya watalii husifu sanamu na hewa baridi. Mimi sijafika huko. Njia hiyo nimeifuata kwa ramani, picha na nakala za maandishi, nilipokuwa natayarisha kazi ya somo la mifumo ya maandishi. Swali langu hapa ni moja: sehemu hizo zinatufundisha nini sisi tunaosoma lugha za Kiafrika?

2. Sanchi: watu wa kawaida juu ya jiwe

Sanchi iko kaskazini-mashariki ya Bhopal, kwa umbali wa kilomita 50 hivi. Juu ya kilima kuna stupa kubwa, yaani jengo la mviringo mfano wa kichuguu, lililoanzishwa wakati wa mfalme Ashoka katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Baadaye liliongezwa mawe, uzio na malango manne yenye michoro.

Kwenye uzio na malango hayo kuna mamia ya maandishi mafupi, kwa herufi za Kibrahmi na katika lugha ya Kiprakriti. Kwa karne nyingi hakuna aliyeweza kuyasoma. Mwaka 1837, James Prinsep, aliyefanya kazi katika kiwanda cha sarafu huko Calcutta, alipata nakala zake. Herufi chache zilikuwa zimekwisha kupendekezwa, hasa kwa msaada wa sarafu zenye lugha mbili. Prinsep akaona jambo moja: karibu kila andiko liliishia na herufi mbili zilezile.

Alifikiri hivi: maandishi mafupi mengi, kila moja juu ya kipande chake cha jiwe, hayawezi kuwa historia ya wafalme. Lazima ni majina ya watu waliochangia ujenzi. Basi neno la mwisho ni *danam*, «zawadi», na alama iliyo mbele yake mara kwa mara ni kiambishi tamati cha umiliki, *-sa*. Muundo wote ni huu:

jina + *-sa* + *danam* = «zawadi ya fulani»

Tulinganishe na Kiswahili. Kwetu kinachomilikiwa hutangulia, kisha kiunganishi *-a* chenye upatanisho wa ngeli: zawadi ya Baraka, kitu cha Baraka. Katika Kiprakriti mwenye mali hutangulia, na alama ya umiliki hushikamana na jina lake. Tena majina ya kike huchukua kiambishi kingine, *-ya*. Kwa hiyo sarufi yenyewe inatuambia kwamba wanawake wengi, watawa na wasio watawa, walitoa mali zao pale. «Zawadi ya Baraka» kwa Kiswahili isingetuonyesha kama Baraka ni mwanamume au mwanamke.

Kwa ufunguo huo Prinsep alisoma pia matangazo marefu ya Ashoka yaliyochongwa kwenye nguzo na miamba. Mlango wa maneno ya mfalme ulifunguliwa na michango ya raia.

3. Khajuraho: lugha ya ikulu

Khajuraho iko mbali zaidi, upande wa kaskazini-mashariki. Mahekalu yake mengi yalijengwa na wafalme wa Chandela kati ya miaka 950 na 1050 hivi. Hekalu la Lakshmana lina andiko la mwaka 954, refu, la kishairi, katika Kisanskriti, linalosifu miungu na ukoo wa mfalme. Ni kazi ya wasomi. Lugha iliyosemwa sokoni wakati ule haisikiki humo.

4. Pachmarhi: lugha zisizo na jiwe

Pachmarhi iko kusini, katika milima ya Satpura, kwenye mita zaidi ya 1,000. Waingereza waliufanya mji wa kukimbilia joto katika karne ya 19. Lakini milima hiyo ni nchi ya Wakorku na Wagondi. Kikorku ni cha jamii ya lugha za Kimunda, ndugu wa mbali wa Kikhmer cha Kambodia. Kigondi ni cha jamii ya Kidravidi, pamoja na Kitamil na Kitelugu. Kihindi cha hotelini ni cha jamii ya tatu.

Sensa ya 2011 ilihesabu wasemaji karibu milioni 3 wa Kigondi na zaidi ya 700,000 wa Kikorku. Hata hivyo, lugha hizo mbili hazimo kati ya 22 zilizotajwa katika Jedwali la Nane la katiba ya India. Mtalii anaweza kulala siku tatu Pachmarhi bila kujua kwamba zipo.

5. Hitimisho

Hapa ndipo India inapotugusa. Katiba yetu inataja Kifaransa kama lugha rasmi, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kama lugha za taifa. Kilega, Kihunde na nyinginezo ziko katika hali inayofanana na ya Kikorku. Nasi, tunapotafuta mada ya kazi ya mwisho, tunapenda maandishi marefu: riwaya, Biblia, hotuba. Prinsep alifaulu kwa sababu alikuwa na maandishi mafupi, mengi, yenye muundo mmoja.

Napendekeza basi tukusanye ya kwetu: maneno ya makaburini, majina ya mitumbwi, majina ya wafadhili kwenye viti vya kanisa, salamu za misibani zinazorudiwa kwa Kilega au Kihunde. Kila moja liandikwe pamoja na mahali, tarehe na jina la lugha. Hata maneno 3 yanatosha kuonyesha kiunganishi, ngeli na mpangilio. Wazee wanaozitamka salamu hizo bado wako nasi, na hakuna aliyewachongea uzio wa mawe.