Wavu Unapozunguka: Jinsi ya Kutafuta Kosa katika Hesabu za Mkondo wa Maji ndani ya Tabini

Kituo cha umeme cha Julius Nyerere katika mto Rufiji kina tabini 9, kila moja yenye uwezo wa megawati 235. Siku hizi, kabla gurudumu la tabini kubwa halijaundwa kiwandani, mwendo wa maji kati ya mapanga yake hupigiwa hesabu kwa kompyuta. Hesabu hiyo ikikosewa, gurudumu laweza kutetemeka, kupata nyufa, au kushindwa kutoa nishati iliyotarajiwa. Na chuma kilichokwisha kumiminwa hakifutiki kwa raba.

Katika makala hii tutaeleza makosa yatokeayo mara kwa mara katika hesabu za aina hiyo, yaani makosa ya wavu unaozunguka. Msomaji ataona kwamba hisabati ya sekondari yatosha kuyatambua mengi kati yake.

1. Wavu na macho yake

Milinganyo ya mwendo wa viowevu, yaani vitu vitiririkavyo kama maji na hewa, iliasisiwa na Claude-Louis Navier wa Ufaransa mwaka 1822, ikapewa sura tuijuayo leo na George Gabriel Stokes wa Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1845. Milinganyo hiyo haina suluhisho moja la jumla. Kwa hiyo nafasi yote ipitamo maji hugawanywa katika vyumba vidogo vidogo vilivyoshikamana kama wavu wa mvuvi. Kila chumba tutakiita jicho la wavu. Kwa kila jicho kompyuta huandika hesabu kama mwenye duka aandikavyo daftari lake: masi gani imeingia, gani imetoka, na gani imebaki. Kisha wakati husogezwa mbele kwa hatua fupi, na daftari huandikwa upya.

Mahali penye ukuta usiosogea kazi hii ni nyepesi. Lakini gurudumu la tabini huzunguka, na ganda lake limesimama. Je, wavu ufuate kipi?

2. Kosa la kwanza: jicho lililopinduka

Tuseme wavu umefungwa kwenye gurudumu kwa upande wa ndani na kwenye ganda kwa upande wa nje. Gurudumu likizunguka, macho huvutwa, hulala upande, na mwishowe hupinduka. Chukua pembetatu yenye ncha A(0, 0), B(4, 0) na C(1, 3). Eneo lake ni nusu ya tofauti hii:

(xB − xA)(yC − yA) − (xC − xA)(yB − yA)

Jibu ni ½(4 × 3 − 1 × 0) = 6. Sasa ncha C isukumwe hadi (1, −1), yaani ivuke upande AB. Jibu linakuwa ½(4 × (−1) − 1 × 0) = −2. Eneo limekuwa hasi. Katika jicho la namna hiyo hesabu ya masi haina maana tena, na kwa kawaida kompyuta husimama na kutangaza kwamba imekuta ujazo hasi.

Dawa yake ni kuugawa wavu sehemu mbili. Sehemu ya ndani, yenye umbo la mcheduara, huzunguka pamoja na gurudumu bila kubadili umbo; sehemu ya nje husimama. Hizo mbili huteleza moja juu ya nyingine mpakani.

3. Kosa la pili: mpaka usiofungana

Dawa hiyo ina maradhi yake. Kompyuta haichori duara kamili. Huchora pingili nyingi zilizonyooka. Duara la nusukipenyo cha mita 1 likigawanywa sehemu 36, katikati ya kila pingili huwa ndani ya duara la kweli kwa kiasi cha 1 − kos 5°, yaani milimita 3.8 hivi. Pande mbili zikiteleza, pingili hazilingani tena: mahali pengine hubaki pengo, na mahali pengine nyuso hupandana. Maji huvuja katika hesabu ingawa katika mtambo hayavuji. Likigawanywa sehemu 360, kiasi hicho hupungua hadi milimita 0.038 tu.

Aidha, ni lazima mhimili wa wavu uwe ule ule wa gurudumu. Ukihama hata kidogo, sehemu ya ndani itayumba na kuingia katika ile ya nje.

4. Kosa la tatu: hatua ndefu ya wakati

Mwaka 1928 Courant, Friedrichs na Lewy walionyesha kwamba urefu wa hatua ya wakati hauwezi kuchaguliwa bila kuangalia ukubwa wa macho ya wavu. Tuchukue gurudumu la nusukipenyo cha mita 1, lizungukalo mara 300 kwa dakika, yaani mara 5 kwa sekunde. Ncha ya panga huenda 2π × 5 = mita 31.4 kwa sekunde. Kama macho ya mpakani yana upana wa milimita 5, na kila hatua inazungusha gurudumu digrii 1, ncha husogea milimita 17.5: inaruka zaidi ya macho matatu kwa mara moja. Hatua ikipunguzwa kuwa robo ya digrii, ncha husogea milimita 4.4, nayo haimalizi jicho moja. Gharama yake ni hatua 1,440 kwa kila mzunguko.

5. Kosa la nne: kosa lisilopiga kelele

Makosa matatu ya kwanza mara nyingi hujionyesha. La nne ni la hatari zaidi kwa kuwa kompyuta humaliza kazi kwa utulivu na kutoa michoro mizuri. Programu nyingi hutaka kasi ya mzunguko kwa radiani kwa sekunde. Mizunguko 300 kwa dakika ni radiani 31.4 kwa sekunde. Mtu akiandika 300, gurudumu litazunguka kwa kasi mara 9.5 ya ile ya kweli; na kwa kuwa kanieneo hufuata mraba wa kasi, nguvu juu ya mapanga zaweza kuwa kubwa mara 90 hivi. Vivyo hivyo alama ya kasi ikigeuzwa, gurudumu litazunguka kinyume.

6. Utaratibu wa kupima

(a) Zungusha wavu peke yake bila maji, mzunguko mmoja mzima, ukikagua kwamba hakuna jicho lenye ujazo hasi.

(b) Ondoa mapanga, acha maji yote yawe na velositi moja na kanieneo moja, kisha zungusha wavu. Hakuna kinachopaswa kubadilika. Kikibadilika, wavu wenyewe unazua au unameza masi. Sharti hili lilielezwa na Thomas na Lombard mwaka 1979.

(c) Linganisha masi iingiayo na itokayo.

(d) Zidisha momenti ya gurudumu kwa kasi yake ya radiani, upate uwezo. Ukizidi uwezo wa maji yenyewe, yaani densiti × g × kimo × ujazo upitao kwa sekunde, hesabu ni batili, hata michoro ikipendeza namna gani.

Jaribio la darasani

Tandaza kitambaa chepesi cha miraba mezani, bandika kingo zake, weka bilauri katikati, uikandamize na kuizungusha polepole. Angalia miraba inavyolala na kukunjamana. Kisha kata duara katika karatasi ya miraba, ulizungushe ndani ya tundu lake. Miraba haiharibiki, mistari tu ndiyo haikutani mpakani.

Maswali

1. Tafuta eneo la pembetatu A(0, 0), B(2, 0), C(3, −2) kwa kanuni ya sehemu ya 2. Alama ya jibu inaonyesha nini?

2. Gurudumu la nusukipenyo cha mita 2 huzunguka mara 150 kwa dakika. Macho ya mpakani yana upana wa milimita 10. Hatua ya wakati isizidi sekunde ngapi ili ncha isiruke jicho zima?