Haki Isiyo na Fungu Kwenye Bajeti

Mkutano wa dunia wa haki za binadamu uliofanyika Vienna mwaka 1993 uliyashauri mataifa yafikirie kutunga mipango ya kitaifa ya kuendeleza haki hizo. Kenya ina sera na mpango wake, katika Waraka wa Bunge Nambari 3 wa 2014. Lakini mpango wa aina hii hautoi hata shilingi. Pesa hutoka kwenye bajeti, na bajeti ina tarehe zake. Mwananchi asiyezijua huitwa kutoa maoni mambo yakiwa yameshaamuliwa.

Kwenye kaunti, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio kufikia Aprili 30. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Wengi hungoja Aprili. Mimi nakusihi uanze Agosti, kwa sababu mradi usiokuwa kwenye mpango wa mwaka ni vigumu kuupenyeza baadaye.

Andika memoranda ya maoni yako hata kama utahudhuria kikao cha umma. Maneno ya mdomo hupotea. Usiandike tu "tunataka haki ya afya." Tuseme zahanati ya wadi yenu ina ngazi tatu mlangoni, na mjamzito anayetumia kiti cha magurudumu hubebwa mzobemzobe ili apimwe. Taja zahanati kwa jina, eleza ngazi hizo, kisha omba njia ya mteremko, choo chenye mlango mpana na kitanda cha uchunguzi kinachoshuka. Onyesha mambo haya yaingie katika fungu gani la idara ya afya. Taja kifungu cha 43 cha Katiba kuhusu afya na cha 54 kuhusu watu wenye ulemavu. Mtie sahihi wengi, mbaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Ukikosa takwimu, ziombe. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika ombi kwa Kiswahili, bila ada ya kuliwasilisha, na ofisi husika inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Ukinyimwa, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana zaidi kama Ofisi ya Ombudsman.

Ushirikishwaji wa umma wenyewe nao unahitaji pesa, na hili husahauliwa mno. Kikao kinachofanyika makao makuu ya kaunti, siku ya soko, bila mkalimani wa lugha ya ishara, kimewafungia mlango wale wale ambao mpango wa haki za binadamu unadai kuwalinda. Kwa hiyo memoranda yenu iombe pia vikao vya wadi, wakalimani na hati zilizofupishwa kwa Kiswahili au lugha ya mahali.

Katika bajeti ya taifa, kifungu cha 221 cha Katiba kinailazimu kamati ya Bunge kutafuta maoni ya umma inapopitia makadirio, na kuyazingatia inapotoa mapendekezo yake.

Bajeti ya kaunti ikishapitishwa, isomeni ripoti ya kamati ya bunge la kaunti muone kama ombi lenu limetajwa. Kisha fuatilieni ripoti za Mdhibiti wa Bajeti. Humo ndimo mtakapoona idara ya afya ilitengewa kiasi gani na imetumia kiasi gani hasa. Mkikuta fungu la ujenzi halijaguswa, mpelekeeni mwakilishi wa wadi yenu (MCA) ukurasa huo kabla ya Agosti nyingine.