Ujira wa Yokebedi

Andiko: Kutoka 2:7-10, 1 Timotheo 5:4, 16

Jumapili tulishangilia jinsi Mungu alivyomwokoa mtoto Musa mtoni, lakini mstari wa 9 tuliupita mbio. Binti Farao anamwambia mama amchukue mtoto, amlelee, naye atamlipa. Mama ni Yokebedi, mtoto ni wake mwenyewe, na pesa zinatoka nyumba ya Farao, yaani serikali. Biblia haisemi kwamba alizikataa.

Nimeanza hapo kwa sababu ya dada mmoja wa Kaptembwo. Alikuwa kwenye kikundi cha sifa, kisha akaacha kuja. Katika kikao cha viongozi, mimi mwenyewe niliandika mbele ya jina lake: "amepoa". Nilipofika kwake hatimaye, nilimkuta akimgeuza mama yake kitandani. Mama alipata kiharusi. Hawezi kujilisha wala kwenda choo. Dada alifunga kibanda chake cha mboga ili amhudumie. Neno lile nimelifuta. Ila kilichoniuma zaidi ni kwamba kuna ndugu wa hapa kanisani alimwambia kuomba msaada wa serikali kwa ajili ya mzazi ni kukosa imani.

Si kweli. Paulo anaanza na watoto na wajukuu, wawarudishie wazazi wao mema. Kisha, mstari wa 16, anataka kanisa lisilemewe, liweze kuwasaidia wajane wasio na mtu. Mzigo unagawanywa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kupata matunzo kutoka kwa familia yake na Serikali. Imeandikwa "na", haikuandikwa "au".

Sasa tuseme ukweli. Wenye jamaa Marekani wamesikia habari za Medicaid, ambayo katika baadhi ya majimbo humlipa hata mtoto anayemtunza mzazi nyumbani. Kenya hatuna mshahara kama huo. Kilicho karibu ni Inua Jamii: pesa za wazee wa miaka 70 na zaidi, za watoto yatima, na za watu wenye ulemavu mkali wanaohitaji mtu wa kuwahudumia kila wakati. Katika hili la mwisho, mlezi huandikishwa pamoja na mgonjwa na hupokea kwa niaba yake. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Nilisomea biashara, hesabu siwezi kuiacha: ni kama shilingi 66 kwa siku. Nepi za mtu mzima peke yake zinaweza kuzimaliza.

Mama huyu hajafika miaka 70, kwa hivyo kwake njia ni ya ulemavu. Anapimwa hospitali ya serikali, anasajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, halafu jina linapelekwa kwa chifu na ofisi ya ustawi wa jamii ya kaunti ndogo. Uandikishaji haufunguliwi kila siku, kwa hivyo msidharau baraza la chifu. Kitambulisho kiwe tayari. Na mlezi akifariki au akihama, ofisi iambiwe ibadilishe jina.

Hapa nitaudhi mtu. Pesa hizo ni za mgonjwa. Si za kaka mkubwa kwa sababu ndiye mwenye simu nzuri. Wala sitaki kuziona kwenye bahasha ya ahadi ya ujenzi huku mama amelala kwenye shuka mbichi. Someni Marko 7:10-13, Yesu alishalimaliza jambo hilo.

Rudini tena mtoni. Yokebedi hakwenda mwenyewe kuuliza. Dada yake Musa ndiye aliyesimama, akatazama, akamwuliza binti Farao swali. Walezi wetu wengi hawawezi kutoka nyumbani hata saa mbili kupanga foleni, kwa hivyo mtu mwingine lazima akaulize.

Jumatano baada ya maombi nitakuwa ofisini. Leteni vitambulisho na barua za hospitali, tutajaza fomu pamoja. Kwa dada wa Kaptembwo tumepanga zamu za kukaa na mama ili naye atoke kidogo. Karatasi iko kwa shemasi wa mlangoni. Mimi nimechukua Jumatatu. Alhamisi asubuhi bado haina jina.